Bustani ya Nyumbani: Mshelisheli, Mti Usio na Mbegu

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huniandikia kuuliza habari za miti ya matunda ambayo karibu kila mwenye ua anayo: mwembe, mpapai, mchungwa na mparachichi. Nami huwajibu kwa furaha, maana hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Juma hili, hata hivyo, naomba ruhusa yenu nizungumze habari za mti mmoja ambao hapa Kenya hauonekani ila katika viambo vichache vya pwani, na ambao watu wengi wa bara hawajapata kuuona kwa macho wala kuonja tunda lake. Mti huo ni mshelisheli.

Sababu ya kuuzungumza sasa ni hii. Mwezi wa Januari nalikwenda kumwamkia shangazi yangu, ambaye akaa kusini ya Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Katika ua wake, tangu nilipokuwa mtoto, palikuwa na mshelisheli mmoja mkubwa, urefu wake kupita paa mbili za nyumba, na majani yake mapana yenye kukatika-katika pembeni kama vidole vya mkono. Nilipofika nalikuta vigingi vimepigwa na kamba imevutwa toka pembe hii hata pembe ile, na kigingi kimoja kimesimama katikati ya mizizi ya mti ule. Binamu yangu, yaani mwanawe shangazi, alikuwa amekusudia kujenga vyumba vya kupangisha. Si mtu mbaya, wala sitaki msomaji amdhanie hivyo. Ana watoto wanne shuleni, na kiwanja ni hicho kimoja tu.

"Shikamoo, shangazi," nalimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuaga mti?"

Nami, kwa kuwa nimezoea kuwa mtu wa kushauri wenzangu, nikajibu upesi bila ya kufikiri, "Usihuzunike, shangazi. Nitachukua mbegu zake nikupandie mwingine."

Shangazi akacheka hata kanga ikamwanguka begani. "Mbegu ya shelisheli uliiona wapi wewe? Na kazi yako ni kuandika magazetini habari za miti!"

Alisema kweli, nami sikuwa na la kujibu. Shelisheli tunalolijua huku halina mbegu. Ukilipasua utakuta nyama nyeupe, na katikati moyo kama wa nanasi, basi. Walio na elimu ya mimea wasema kwamba nyingi za aina zisizo na mbegu zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na kwa sababu hiyo haziwezi kufanya mbegu yenye uhai. Hali ni ile ile ya ndizi zetu: hakuna apandaye mgomba kwa mbegu, bali kwa chipukizi la mgomba mama. Maana yake ni kwamba kila mshelisheli wa namna hii uliosimama duniani ni kipande cha mshelisheli mwingine, na ule nao ni kipande cha mwingine, kutoka mkono hata mkono, mpaka mwanzo wake. Mwembe ukikatwa, watoto watatupa kokwa jalalani na mwembe mwingine utaota bila ya kupandwa na mtu. Mshelisheli ukikatwa kabla hajatokea mtu wa kuutolea mche, umekwisha.

Na mwanzo wake u mbali sana. Mti huu ni ndugu ya mfenesi, na wote wawili ni wa ukoo mmoja na mkuyu, mforosadi, hata mvule. Jambo hili laweza kumshangaza mtu, lakini kata tawi la mmojawapo utaona wote watoa utomvu mweupe kama maziwa. Wataalamu wamefuata asili ya mshelisheli mpaka pande za New Guinea, ambako ndugu yake wa porini mwenye mbegu angali yupo. Kutoka huko watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki waliuchukua katika mitumbwi yao, kisiwa baada ya kisiwa, kwa muda wa maelfu ya miaka. Walichagua matunda yenye nyama nyingi na mbegu chache, mpaka mbegu zikatoweka kabisa.

Wazungu walipofika visiwa hivyo waliuajabia mti uzaao chakula kama mkate bila ya kulimwa kila mwaka. Mwaka 1787 serikali ya Uingereza ilimtuma nahodha William Bligh katika merikebu iitwayo Bounty aende Tahiti kuchukua miche, aipeleke visiwa vya Karibi. Kusudi halikuwa jema. Wenye mashamba ya miwa walitafuta chakula cha gharama ndogo cha kuwalisha watumwa wao, na watumwa hao walikuwa watu waliotolewa hapa Afrika. Bligh alipakia miche zaidi ya 1,000, akaanza safari ya kurudi. Lakini tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia wake waliasi, wakamtia katika mashua yeye na watu 18, na miche ile wakaitupa baharini. Bligh alisafiri katika mashua ile majuma yapatayo saba mpaka kisiwa cha Timor, na baadaye akatumwa mara ya pili kwa merikebu nyingine, Providence. Mwaka 1793 aliishusha miche St Vincent na Jamaika. Husimuliwa kwamba watumwa walikataa kwanza kuyala matunda yale. Leo mtu wa Jamaika akiwa ugenini, hulilia shelisheli la kuchoma kama sisi tunavyolilia ugali au mkate wa sinia.

Kwetu sisi jina lenyewe ladokeza njia liliyopitia, maana lataja visiwa vya Shelisheli, vilivyo mashariki yetu katika Bahari ya Hindi. Na visiwa hivyo navyo vilipewa jina mwaka 1756 kwa heshima ya Moreau de Séchelles, aliyekuwa mwangalizi wa fedha za Mfalme wa Ufaransa. Hivyo jina la mtunza hazina wa Paris limekuja kuwa jina la chakula sokoni Unguja, wala sidhani kwamba yeye mwenyewe alipata kulionja. Unguja na Pemba miti hii ni mingi kuliko kwetu, na matunda yake huuzwa sokoni kama mihogo. Watu wa Shelisheli husema kwamba mgeni akila shelisheli kwao, hana budi kurudi tena.

Basi, turudi uani kwa shangazi. Niliona haya, nikataka kuiondoa haya yangu kwa kazi. Nikamwomba binamu yangu aniachie mti mpaka mwanzo wa masika, naye akakubali, akisema kwamba fundi wake pia hataweza kuanza kabla ya wakati huo. Hivyo nalipata majuma kama manane.

Kosa la kwanza nililifanya siku ile ile. Pembeni mwa mti palikuwa na chipukizi lililoota toka kwenye mzizi, urefu wake kama mkono. Nikalishika nikaling'oa kwa nguvu, likatoka na kipande cha mzizi wa mama yake kisichozidi kidole gumba, bila ya mzizi wake mwenyewe hata mmoja. Nikalipanda, nikalimwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tisa lilikuwa limekauka. Shangazi hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko maneno.

Njia iliyo sawa ya kutoa chipukizi ni hii. Lingoje mpaka lifike inchi 8 au 10, shina lake liwe limeanza kuwa gumu, na majani yake yawe yamekwisha kukatika pembeni kama ya mti mkubwa. Kisha chimbua udongo kwa mkono, uone mzizi ulilotokea. Ukate mzizi huo upande mmoja wa chipukizi na upande wa pili, ukiacha kipande cha inchi chache kila upande, halafu ufukie udongo na kuliacha pale pale majuma machache. Katika muda huo litalazimika kujitafutia mizizi yake. Ndipo ulitoe pamoja na donge la udongo, ukate nusu ya kila jani ili lisipoteze maji, na ulitie kwenye kopo au mfuko kivulini. Mti usipokuwa na machipukizi, waweza kuulazimisha. Fukua mzizi ulio karibu na uso wa ardhi, ukwaruze ganda lake kwa kisu, uuache wazi upate mwanga. Aghalabu utachipua mahali pale penye jeraha.

Lakini kwa kuwa sikuwa na muda wa kungoja machipukizi, nalitumia njia ya pili, ambayo ndiyo naipenda zaidi, yaani vipande vya mizizi. Wakati wake mzuri ni mti unapopumzika, baada ya matunda kwisha na kabla ya majani mapya kutoka, kwa sababu wakati huo mzizi umejaa akiba ya chakula. Tafuta mizizi mizima yenye unene wa inchi 1 hivi. Ikizidi inchi 2 haifai sana, na iliyo myembamba kama penseli huoza. Ikate kwa msumeno au kisu kikali, wala si kwa jembe, maana jembe huponda na mahali palipopondwa ndipo uozo uingiapo. Usitoe mizizi yote upande mmoja, usije ukaudhoofisha mti ambao haujahukumiwa kufa. Katakata vipande vya inchi 6 hadi 10, uvioshe, uvilaze katika kitalu cha mchanga uliochanganywa na mboji, uvifunike kidogo tu, au uviinamishe ncha moja ikichungulia nje. Kitalu na kiwe kivulini. Udongo uwe na unyevu siku zote, lakini maji yasituame. Hapo ndipo wengi hukosea, humwaga maji kwa mapenzi mpaka vipande vinaoza.

Nalikata vipande 14. Juma la kwanza, la pili na la tatu hapakuwa na dalili yo yote, na kila jioni binamu yangu akipita alikuwa akitazama kitalu kisha akinitazama mimi. Juma la tano kipande kimoja kikatoa nundu nyekundu-nyekundu, ikageuka kuwa jani. Mwisho wake vilichipua vipande 6 na vingine 8 vikaoza. Watu wenye vitalu vizuri hupata zaidi ya hapo, lakini mimi sikuona aibu.

Iko na njia ya tatu, ya kulivika tawi udongo lingali mtini. Chagua tawi lenye unene wa kidole gumba au zaidi, ondoa ganda lake pande zote kwa upana wa inchi 2, uzungushie makumbi ya nazi yaliyolowanishwa, ufunge kwa karatasi ya plastiki juu na chini. Baada ya miezi 2 hadi 4 utaona mizizi imejaa ndani ya plastiki, nawe utalikata tawi na kulipanda. Fimbo iliyokatwa tu na kuchomekwa ardhini, kama tufanyavyo mhogo, haitakupa kitu. Huko Hawaii iko taasisi iitwayo Breadfruit Institute, iliyoanzishwa mwaka 2003, yenye kutunza aina zaidi ya 100 za mti huu, na siku hizi miche huoteshwa pia katika maabara kutokana na vipande vidogo sana vya mmea. Mtu mwenye jirani mwenye mshelisheli hana haja ya maabara.

Sasa msomaji wa bara ataniuliza kama aweza kuupanda kwake. Sipendi kumpa mtu tumaini la bure. Mshelisheli ni mti wa joto na unyevu. Hupenda sehemu za chini, hasa zisizozidi mita 650 juu ya bahari, na joto la nyuzi 21 hadi 32 za Selsiasi. Nairobi, ambayo i juu ya mita 1,600, usiku wake wa Julai utauumiza. Mvua uipendayo ni milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, ingawa wastahimili 1,000 ukisaidiwa kwa maji wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ukanda wa pwani, toka Vanga kuja Mombasa hata Kilifi na Malindi, ndio mahali pake, na kadiri uendavyo ndani penye ukavu ndivyo utakavyohitaji ndoo.

Mahali pa kuupanda uani pafikiriwe mara mbili. Mti huu hufika futi 50 au 60, na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Usiupande chini ya futi 30 kutoka ukuta wa nyumba, kisima au shimo la choo, wala usiuweke juu ya njia wapitapo watoto, maana tunda la kilo 2 au 3 likianguka toka juu si mzaha. Penye mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani yetu, hapana budi kuchimba shimo kubwa na kulijaza udongo wa kichanga uliochanganywa na samadi ya zamani. Penye maji yanayotuama usiupande kabisa. Mche hupandwa masika yanapoanza, ukiwa na urefu wa futi 2 hivi. Mwaka wa kwanza hupenda kivuli kidogo, hata kuti lililosimikwa upande wa magharibi latosha. Ukikua hutaka jua tupu. Uweke majani makavu kuzunguka shina, bila ya kuyagusisha shina lenyewe, ili udongo usikauke. Na uwekee uzio. Mbuzi hupenda majani yake na ganda lake kuliko kitu cho chote, na mbuzi mmoja kwa asubuhi moja aweza kumaliza kazi yako ya mwaka.

Ukitokana na mzizi au chipukizi, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hadi wa tano. Hapa yafaa nitaje jambo moja ambalo limewakatisha tamaa watu wengi. Kitu cha kwanza kutoka si tunda. Ni ua dume, refu kama rungu dogo, la rangi ya njano, ambalo baadaye huwa la hudhurungi na kuanguka. Mwenye mti asiyejua huyaona yakianguka kumi kwa siku moja akadhani mti wake una ugonjwa wa kupukutisha matunda, na shangazi alinisimulia kwamba marehemu mumewe alikaribia kuukata mti ule kwa sababu hiyo. Maua ya kike hufuata, nayo ni mviringo, na ndiyo yatakayokuwa matunda bila ya kuhitaji kuchavushwa. Kwa hiyo mti mmoja peke yake watosha.

Tunda hupevuka baada ya majuma 15 hadi 19. Likiwa changa ngozi yake ni ya kijani kibichi yenye vijipembe vilivyochongoka. Likipevuka vijipembe hulala, rangi huanza kugeukia njano, na matone ya utomvu hutokeza na kukaukia juu ya ngozi kama nta. Hapo ndipo pa kuliangua. Usiliache lianguke lenyewe, maana huvunjika na kuoza. Sisi tulitumia upembo wenye pakacha mwishoni, mmoja akikata na mwingine akipokea. Ukiisha kuliangua, ligeuze kikonyo kikiwa chini, utomvu uchuruzike, kwa maana utomvu huo ni kama ulimbo na hautoki nguoni. Paka mikono mafuta ya nazi kabla ya kumenya.

Mti mpevu uliotunzwa vema waweza kutoa matunda 150 au zaidi kwa mwaka. Taabu yake ni kwamba hayangoji. Siku 1 hadi 3 baada ya kuanguliwa yamelainika na kuwa matamu, hayafai tena kuwa chakula cha wanga. Ukiyazamisha katika pipa la maji utapata siku chache zaidi. Watu wa Pasifiki huyafukia katika mashimo yaliyotandikwa majani, yakachachuka na kukaa muda mrefu hata mwaka na zaidi. Sisi huwapa majirani, na hiyo nayo ni ghala.

Kuhusu kupika, kila nyumba ina sheria yake. Njia nyepesi ni kulitia zima katika makaa mpaka ngozi iwe nyeusi kote na mvuke utoke kwenye kikonyo. Ukilipasua, ndani ni kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Lakini kwa shangazi lilimenywa, likakatwa vipande, moyo ukatolewa, likachemshwa kwa tui jepesi na chumvi, na mwishoni likamiminiwa kasimile na pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa. Likaliwa na papa mkavu. Vipande vyembamba vya kukaanga huwapendeza watoto. Gramu 100 za shelisheli bichi zina kalori kama 103, wanga gramu 27, na madini ya potasiamu kwa wingi, lakini protini haizidi gramu 1, ndiyo sababu wazee hawakulila bila ya samaki au kunde. Shangazi husema kwamba mwaka mmoja mahindi yalipopotea madukani, mti ule uliwalisha watu wa nyumba tatu kwa miezi miwili.

Maadui wake ni wachache. Vidung'ata vyeupe kama unga hukaa chini ya majani, na siafu wadogo huwabeba toka tawi hata tawi. Waoshe kwa maji ya sabuni mti ungali mfupi. Wakati wa mvua nyingi matunda huoza kwa ukungu, basi yaliyoanguka yakusanywe na kufukiwa, yasiambukize yaliyo juu. Popo nao watakula yaliyoiva, na sijapata dawa ya popo ila kuyaangua mapema. Matawi yaliyokufa yapunguzwe baada ya mavuno.

Mti wa shangazi ulikatwa juma la tatu la mwezi wa Machi. Kazi ilichukua asubuhi moja, maana mbao zake ni nyepesi. Binamu yangu hakuwako. Alisema ana shughuli mjini, nami naamini kwamba hakutaka kuona. Shangazi alikaa barazani mpaka shina lilipolala, kisha akaagiza majani yapewe mbuzi wa jirani.

Ile miche 6 ilikaa katika mifuko mpaka sasa, nayo imepita futi 2. Miwili imekwenda kwa majirani wa pande zote mbili, ambao wameapa mbele ya shangazi kwamba watatoa machipukizi kwa atakayeomba. Mmoja umepandwa katika shule ya msingi iliyo karibu, nyuma ya tangi la maji, na mwalimu mkuu amewapa watoto wa darasa la tano zamu ya kuumwagilia. Mmoja ni wangu, na mmoja nimemwahidi msomaji mmoja wa Kilifi aliyeniandikia tangu mwaka jana.

Wa sita nalimpelekea binamu yangu Jumamosi iliyopita. Vyumba vyake vimefika kwenye linta. Nalidhani atasema hapana nafasi, lakini alikwisha kupima kwa hatua zake, akanionyesha pembe ya nyuma, futi 35 kutoka ukuta, ambapo palikuwa na rundo la kokoto. Shangazi alikuwa amekwisha kumwita fundi na kumwamuru azihamishe kokoto hizo kabla ya adhuhuri, na fundi, ambaye alikuwa akila, aliacha sahani yake akaenda kutafuta sepetu.